Uzoefu wangu: reli za Kato Unitrack kwa treni ya kwanza ya mezani

Naishi nyumba ya kupanga Dar, chumba cha ziada sina, na hilo ndilo lililoamua mengine yote. Nilichukua kipimo cha N, ambacho treni imepunguzwa takriban mara 160 na upana wa reli ni milimita 9. Kona zenye nusu kipenyo cha milimita 315 zinageuka bila shida juu ya playwudi ya sentimita 120 kwa 80. Ningeenda HO, kipimo kikubwa zaidi, ningehitaji ubao ambao mke wangu asingeuruhusu uvuke mlango.

Uzuri wa Unitrack ni kwamba kila kipande cha reli kimeshikamana na tuta lake la plastiki lenye sura ya kokoto. Unasukuma, kinabana. Wageni wakija unavuta, unarudisha kwenye boksi. Viungio hulegea ukifungua na kufunga sana, ila vinauzwa peke yake.

Kilichonikuna hasa ni swichi ya namba 6, pale reli inapogawanyika. Mota imefichwa ndani ya tuta, na ukielekeza treni njia kuu, njia ya pembeni inakatika umeme yenyewe. Kwa njia ya pembeni isiyotokea upande wa pili, maana yake treni moja inaegeshwa huku nyingine ikizunguka, kwa kidhibiti mwendo kimoja, bila kuongeza waya hata mmoja. Bei yake si ya mchezo, lakini heri kubana kwenye mabehewa kuliko hapa.

Kuchora ramani nilitumia AnyRail, programu ya kompyuta. Toleo la bure linaishia vipande 50 vya reli, na kwa duara la kwanza lenye tawi moja au mawili hutavimaliza. Hata hivyo, kabla ya kumwita fundi seremala, tandaza reli sakafuni. Programu haikwambii kama mkono wako utafika nyuma kunyanyua kichwa cha treni kilichoanguka, na ubao ukiegemea ukuta, sentimita 80 ndiyo mwisho.

Angalizo la umeme: muuzaji wa Japani alinitumia kidhibiti cha volti 100 ingawa nilimweleza natoka wapi. Ukichomeka hicho kwenye 230 yetu, umekiunguza. Stepdauni, zile zile za redio za mtumba wa Kijapani, ilimaliza tatizo. Vumbi nalo lipo: kichwa kikianza kusitasita, futa reli kwa kitambaa chenye spiriti kidogo.

Anayetaka kuiga SGR yuko pazuri, maana milimita 1,435 ukigawa kwa 160 unapata 9 kasoro kidogo sana. Reli ya Kati ya zamani, ya mita moja, ingetoka milimita 6 na robo. Mpenzi wa treni ya Kigoma hizi hazimfai.