Mashine yangu ya TIG iligoma kwenye alumini: uzoefu wangu

Mashine yangu ya kuchomelea kwa TIG (moto wa umeme unatoka kwenye ncha ya tangsteni, chini ya gesi ya agoni) ni ya invata, yaani ya kielektroniki, amperi 200, inatoa AC (mkondo unaogeuka upande kila mara) na DC (mkondo wa upande mmoja). Kwenye chuma cha kawaida na stenlesi sina neno nayo: moto unashika mara moja, mshono unatoka laini. Shida ilikuja kwenye alumini. Ilianza kwa kusuasua, baadaye ikagoma kabisa. Kipande kinapata joto, lakini juu inabaki ngozi ya kijivu iliyojikunja, masizi pembeni, na waya wa kujazia unajikusanya vitone vitone juu yake bila kuingia.

Alumini yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, ila oksidi inayoifunika inataka zaidi ya 2,000. Kinachoivunja ngozi hiyo ni ile nusu ya AC ambayo tangsteni inakuwa chanya.

Nilianza na yale yasiyohitaji bisibisi: agoni safi kwa lita 10 hivi kwa dakika, maji ya sabuni kwenye viungo vya mpira wa gesi, oringi ya kofia ya tochi, klempu ya ethi. Alumini nikaisugua kwa brashi ya stenlesi isiyowahi kugusa chuma kingine, nikaifuta kwa asetoni. Hali ikabaki ileile.

Kilichonipa mwanga ni ncha ya tangsteni. Ukichomelea kwa AC, ncha huchukua joto jingi na kuanza kuviringika. Yangu ilibaki kali vilevile ilivyotoka kwenye jiwe la kunoa. Kando ya mshono pia hapakuwa na ule ukanda mweupe unaoachwa na usafishaji. Halafu nikageuza kitufe cha balansi, kinachogawa muda kati ya nusu mbili za AC, kuelekea upande wa kusafisha. Kadiri nilivyogeuza, moto ulizidi kukatika na kutatarika, badala ya kutoa ule mvumo mmoja wa AC nzima. Maana yake nusu ya kusafisha ilikuwa haifiki kabisa, na mimi nilikuwa nairefusha.

Fundi mmoja alishauri ninunue bodi nzima bila hata kufungua kifuniko. Sikukubali, maana DC ilikuwa nzima, kwa hiyo sehemu kubwa ya mashine ilikuwa salama. Nikachomoa plagi, nikasubiri, kisha nikapima kapasita kubwa kwa multimita kabla ya kugusa chochote. Tafadhali usiruke hatua hiyo. Zile kapasita hubaki na mamia ya volti hata umeme ukiwa umeshachomolewa.

Ndani kulijaa vumbi la grainda. Transista za IGBT zinazogeuza DC kuwa AC zilipima vizuri zote. Kosa lilikuwa kwenye soketi ndogo ya waya zinazopeleka ishara ya kuwasha transista za upande mmoja: risasi ya kulehemu chini ya pini moja ilikuwa na ufa mwembamba wa duara, unaoonekana kwa lenzi tu. Nikaondoa risasi ya zamani, nikalehemu upya, nikapuliza vumbi, nikafunga.

Sasa kidimbwi cha alumini iliyoyeyuka kinafunguka na kung'aa kioo kitupu, na waya unazama wenyewe.

Bado ninaipendekeza mashine ya aina hii. Malalamiko yangu ni mawili: feni inavuta hewa chafu moja kwa moja juu ya bodi bila chujio lolote, na kitabu chake, kwa tatizo la alumini, kinakuambia usafishe tu kipande.