Steshenari ya Ng'ong'ona iliyonichapia komiki, nendeni jamani

Mbukwenyi wana Dodoma, kama unachora komiki zako mwenyewe na hujui pa kuchapisha nenda pale Ng'ong'ona njia ya UDOM, kwa yule dada mwenye fotokopi mbili. Mimi nimetoa nakala 20, kurasa 24 nyeusi-nyeupe, kava ya manila ya rangi, jumla elfu 40.

Nimefuata zile ambazo Wajapani wanachapa wenyewe, dojinshi, vitabu vyembamba tu vya mashabiki. Soko lao kubwa, Comiket, lilianza Tokyo 1975 na vikundi 32, ndo maana nakala 20 wala sioni aibu nazo. Mhusika wangu ni kijana wa kiume anayevaa kike, kule wanamwita otokonoko, na hapo ndo penye utamu: ukilitamka unasikia "mtoto wa kiume" ya kawaida kabisa, ila kwenye kuandika ile alama ya mwisho ya mtoto wanaitoa wanaweka ya binti. Sikio halijui, jicho ndo linajua. Nikaliweka kubwa kwenye kava.

Sasa kompyuta ya dada haina fonti, Kijapani chote kikatoka viboksi, nikalitafuta neno kwenye simu nikakopi harakaharaka nikamwambia piga zote. Akatoa moja kwanza, akaiweka pembeni ya mchoro wangu wa penseli, akapitisha kucha pale mwisho: "Kaka, huku umechora mistari kibao, hapa ni mitatu tu. Ndo yenyewe hii?" Siyo yenyewe! Nilikopi ya mtoto. Dada hajui Kijapani hata silabi moja ila ndo kaiokoa kazi. Tukaskani ile ya penseli ikawa kava, na imependeza kuliko fonti yoyote.

Halafu hakunicheka. Sehemu niliyoanzia walimuona mwanaume kwenye gauni wakaanza kuitana waje waone, nikachukua flashi yangu nikaondoka. Huyu aliuliza tu kwanini anavaa hivyo, nikamwambia ni mwigizaji, Japani mwaka 1629 serikali ilipiga marufuku wanawake kucheza kabuki, ile michezo yao ya kuigiza ya jukwaani, basi wanaume wakashika nafasi za kike mpaka leo. Akasema, "Basi gauni limkae vizuri, hapa kwenye mkono wino umevuja." Kweli ulikuwa umevuja.

Pini mbili za mgongoni zimekaa sawa, kurasa hazichomoki. Ila weusi umepauka ukurasa wa 17, wino wa mashine ulikuwa unaisha, na umeme ukikatika unasubiri maana hana jenereta. Wahi asubuhi kabla wanachuo hawajajaa na asaimenti zao.