Kipindi cha muziki Ijumaa usiku: nyota mbili, na hizo za wasanii

Jamani hichi kipindi cha laivu, stesheni siitaji, kinawaulia watu soko. Juzi wamealika vijana wa taarab wenye albamu mpya, basi maiki ya mwimbaji haikufunguliwa mpaka kamaliza ubeti wa kwanza, fidla haisikiki kabisa, ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, ndo inapiga kelele juu ya kila kitu, wimbo wa pili wakawekewa pleibeki, yaani sauti ilorikodiwa, ikakwama katikati, mtoto wa watu kaduwaa mbele ya kamera na midomo inacheza. Inauma wallahi. Kesho yake nikapita Darajani kwa kijana anayetia nyimbo kwenye flashi, kanambia walokuwa wakiiulizia hiyo albamu washageuza, ati wale hawajui kuimba. Wanajua sana! Ukumbini nimewasikia bila ya mashine yoyote.

Doa la tivii halitoki upesi. Marekani mwaka 2004 mwimbaji Ashlee Simpson yalimkuta kwenye kipindi cha laivu cha tivii, Saturday Night Live, ikapigwa sauti ya wimbo alokwisha kuuimba, maiki iko mbali na mdomo, akatoka jukwaani, na mpaka leo akitajwa watu wanaanzia hapo.

Nyie wa stesheni, saundi cheki ifanyike na vyombo vyote, sio kuhesabu moja mbili kwenye maiki. Na mtafuteni fundi anayejua taarab, Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki, ipo hapahapa Mji Mkongwe tangu 2002, wanafundisha ganuni na udi, waulizeni.

Albamu yenyewe nzuri, msiihukumu kwa ile Ijumaa, kainunueni.