Jerome au Wodehouse: uanze na nani?

Barazani Mji wa Kale, Mombasa, swali hili halishi: anayetaka riwaya za kuchekesha za Kiingereza cha kizamani aanze na Jerome K. Jerome au P. G. Wodehouse?

Kwa bei, Jerome. Riwaya yake Three Men in a Boat ni ya 1889, haki zake zimekwisha, waipakua bure kihalali. Vitabu vya Wodehouse vya miaka ya 1930 vingi itabidi ununue.

Kupitwa na wakati ndiko kwenye mjadala. Jerome huchosha anapoacha mzaha akaanza kuusifu mto Thames kwa madoido. Kurasa hizo mimi huziruka. Lakini ule mkebe wa nanasi usio na kifungulio! Wanaume watatu wanaugonga kwa jiwe na mlingoti mpaka umepindika kila namna, na nanasi hawalionji. Niliisoma kwenye feri ya Likoni, nikacheka hadi mama aliyekuwa kando yangu akaniuliza kulikoni.

Kwa Wodehouse, mabwana na watumishi wao wamepitwa na wakati, na Thank You, Jeeves ya 1934 ina watu wanaojipaka rangi nyeusi usoni waonekane weusi. Hilo laniudhi hadi leo. Ila shangazi zake, wanaoamua nani amwoe nani, Mombasa hawahitaji kuelezewa.

Visa vya Wodehouse vimefumwa kama mkeka: ukiacha siku tatu, umepotea. Kwa hiyo, kama wasoma dakika kumi kumi kivukoni, mchukue Jerome. Ukiwa na Jumapili nzima na birika la chai, Wodehouse.