Uzoefu wangu na kifurushi cha kuanzia tovuti: proksi nzuri, huduma ya hovyo

Si kawaida yangu kuandika maoni juu ya vitu ninavyonunua, lakini namna nilivyojibiwa na wauzaji wa kifurushi hiki cha kutengenezea tovuti imenikera kiasi kwamba nimeona kunyamaza ni kuwadhulumu watakaolipa baada yangu. Jina la kampuni nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa dai langu la kurejeshewa fedha bado liko mezani kwao.

Ofisi yetu ndogo iko Michenzani, na kazi iliyokuwa mkononi ni mfumo wa kuweka nafasi kwa nyumba moja ya wageni ya Jambiani. Seva tuliiandika kwa Django, zana ya lugha ya Python, na inasikiliza kwenye poti 8000 (poti ni mlango wa mawasiliano wenye namba), wakati kurasa zinatolewa na Vite, chombo cha kutengenezea kurasa, kwenye poti 5173. Aliyewahi kufanya kazi hii anajua kwamba kivinjari huzihesabu poti mbili kuwa ni vyanzo viwili tofauti, hata kama zote zimo ndani ya kompyuta moja, na kwamba ukurasa hautaruhusiwa kusoma majibu ya seva mpaka seva yenyewe itoe ruhusa ya CORS, yaani ya kusomwa na chanzo kingine. Ndiyo maana tulilipia kifurushi hiki: kilikuja na proksi iliyokwishapangwa, inayopokea kila ombi linaloanza na /api kwenye poti ya Vite na kulipeleka kwa seva, kivinjari kikabaki kuamini kwamba kila kitu kinatoka mahali pamoja. Kilikuja pia na ahadi ya msaada wa kitaalamu, na khasa ahadi hiyo ndiyo iliyokipandisha bei.

Kwenye kompyuta yangu proksi hiyo haikupeleka kitu. Kila nilipofungua orodha ya vyumba, kivinjari kilileta kosa namba 500. Nikatazama dirisha la Django, ambalo huandika mstari mmoja kwa kila ombi linaloingia, nalo halikuwa na mstari wowote. Kwenye dirisha la Vite, kwa maandishi mekundu, palikuwa na maneno haya: connect ECONNREFUSED ::1:8000, yaani muunganisho umekataliwa kwenye anwani hiyo. Nikafungua anwani ya Django moja kwa moja kwenye kivinjari, na orodha ikaja kamili, bei za msimu wa Julai zikiwemo.

Nikawaandikia kwa adabu, nikaanza kwa salamu, nikaambatanisha picha za madirisha yote mawili. Jibu la kijana wao wa msaada lilipofika halikuwa na salamu: “Dogo, 500 ni kosa la seva yako. Rekebisha seva kwanza ndiyo uje.” Mimi nimesomesha hesabu skuli kwa miaka mingi kabla ya kuingia kazi hii, na baadhi ya niliowasomesha leo wana watoto walio skuli. Angeniita ndugu tu ingetosha. Lakini hata hilo ningelimeza lau jibu lenyewe lingekuwa sahihi.

Halikuwa sahihi. Ile 500 haikutoka kwa Django. Vite ndiyo inayoiandika pale proksi yake inaposhindwa kuifikia seva, na picha niliyompelekea ilikuwa inaonesha hivyo waziwazi. Kumwambia mtu arekebishe seva ambayo haijapokea ombi hata moja ni sawa na kumlaumu mwenye nyumba kwa kutomwitikia mgeni aliyepiga hodi kwa jirani. Nilimweleza. Akajibu kwamba kwa wateja wengine inafanya kazi, kisha akaifunga tiketi, yaani faili la lalamiko langu.

Tatizo tulilitafuta wenyewe. Kwenye faili la mipangilio la kifurushi, mahali pa kutaja seva inayopelekewa maombi, wameandika localhost. Jina hilo, ambalo kompyuta hujiitia yenyewe, lina anwani mbili, 127.0.0.1 ya IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za mtandao, na ::1 ya IPv6, mfumo mpya. Zamani Node, programu inayoiendesha Vite, ilikuwa ikiitanguliza ile ya IPv4, lakini tangu Node 17 ya mwaka 2021 inazichukua kwa mpangilio inaopewa na kompyuta yenyewe, na kompyuta yangu hutanguliza ::1. Django nayo, ikiwashwa kwa amri yake ya kawaida ya runserver bila kuelekezwa vingine, husikiliza 127.0.0.1 peke yake. Kwenye kompyuta ya mwenzangu kosa halikuonekana kwa sababu yeye alikuwa na Node 20, ambayo kwa kawaida yake hujaribu anwani ya pili iwapo ile ya kwanza imekataa. Mimi nilikuwa na Node 18 kwa kuwa maelekezo ya kifurushi yanaitaka Node 18, na wanaitaka ilhali toleo hilo lilikwisha muda wake wa kuhudumiwa Aprili 2025! Kwa hiyo aliyetii maelekezo yao ndiye aliyeumia, na aliyeyapuuza akasalimika.

Nilibadilisha neno localhost nikaweka 127.0.0.1, Vite ikajiwasha upya yenyewe, na vyumba vyote vikatokea.

Sasa niseme haki. Tangu hapo proksi hii imefanya kazi vizuri kiasi cha kunifanya nisahau kama ipo. Mipangilio ya CORS tuliyokuwa tumeirundika kwenye Django tumeifuta yote, watumiaji wanaingia na kutoka bila kuki, alama inayowatambulisha kwa seva, kupotea njiani, na msimbo wa kurasa hautaji poti yoyote, unataja /api basi. Kitabu chao cha maelekezo pia kinaonya bila kuficha kwamba proksi hiyo ni ya wakati wa kutengeneza tu, na kwamba tovuti ikishapelekwa kwa wateja kazi hiyo itabidi ifanywe na Nginx, programu ya seva ya tovuti, au mfano wake. Wako wanaouza vitu hivi bila kukutajia jambo hilo. Nilikuwa tayari kuwapa nyota nne na kumwombea yule kijana malezi mema.

Kisha likaja toleo jipya. Nikafungua faili la mipangilio, nikakuta 127.0.0.1, mahali palepale nilipowaonesha. Maelezo ya toleo yanasema “maboresho ya uthabiti”. Tiketi yangu bado imefungwa, na sababu iliyoandikwa ni kosa la mteja.

Anayejua kutafuta makosa yake mwenyewe anaweza kukinunua, mradi achukue kile cha bei ndogo kisicho na msaada, kwa kuwa msaada wenyewe haupo. Nilikuwa nimeweka nyota tatu. Nilipoyafungua tena yale mazungumzo ili ninakili namba ya tiketi kwa ajili ya dai langu, nikaiondoa moja.