Crovie, Uskoti: nyumba ya kupanga mlangoni mwa bahari

Kama unatafuta pa kupumzika kaskazini-mashariki mwa Uskoti, panga nyumba Crovie. Katika vijiji vyote vya pwani nilivyolala nchini humo, hiki ndicho kilichonikaa moyoni.

Kijiji ni safu moja tu ya nyumba: nyuma mlima, mbele Ghuba ya Gamrie. Nyingi zimeipa bahari ubavu, ili upepo na mawimbi yasizipige usoni. Mbele yake hakuna barabara ya gari, ni kijia chembamba, na kamba za kuanikia nguo ziko upande wa bahari, kwa hiyo shuka zinakauka huku zikinusa chumvi. Gari unaliacha pembeni, mizigo unaisukuma kwa toroli. Hili mwenye nyumba angetuambia mapema, maana tulikuwa na mama mkwe na masanduku mazito. Jirani mmoja akatuazima toroli lake bila hata kuombwa.

Waliojenga hapa hawakufuata mandhari. Mwishoni mwa karne ya 18, wenye ardhi waliziondoa familia kwenye mashamba ya bara ili wafuge kondoo, wakazishusha ufukweni zikavue kwa mashua za hao hao mabwana. Ukijua hayo, unaelewa kwa nini watu wamebanana kwenye ukingo mwembamba namna hii wakati juu kuna mashamba mapana. Baadaye samaki aina ya heringi waliwapa riziki nzuri. Kisha tarehe 31 Januari 1953 ikaja dhoruba kubwa ya Bahari ya Kaskazini, ikabomoa baadhi ya nyumba, na wengi wakahama. Leo nyingi zilizobaki ni za wageni wa likizo. Tulikwenda Oktoba, na jioni madirisha yenye taa yalikuwa ya kuhesabika. Iliniuma.

Nyumba yetu ilikuwa safi na yenye joto, jiko dogo lakini kamili. Ningependa tu waweke hata karatasi moja ukutani inayoeleza historia hii.

Duka hakuna, nunueni vyakula Macduff au Banff kabla ya kuteremka. Msimu wa kiangazi nendeni Troup Head, majabali ya pwani yaliyo jirani tu, mkaone maelfu ya ganeti, ndege weupe wanaojitosa baharini kama mikuki. Wenye watoto wadogo wasubiri kwanza wakue, kwani sehemu kubwa ya kijia haina uzio.