TAHADHARI: jamaa wa madigadi "bila kutoboa", Dodoma

Wana Dodoma mnaoendesha baiskeli za resi, someni hii. Nimepigwa changa la macho mchana kweupe, barazani kwangu mwenyewe.

Baiskeli yangu mnaijua, ile nyeusi ya kaboni. Haina hata tundu moja la kufungia madigadi; walioitengeneza waliwaza mashindano, hawakuwaza tope la Ihumwa. Tangu mvua zianze Desemba nafika kazini Mtumba na mstari mwekundu kuanzia makalioni hadi kisogoni, walinzi wa getini wanacheka. Ndipo nikakutana na tangazo lake kwenye kundi: madigadi "bila kutoboa" kwa baiskeli zisizo na matundu, anakuja hadi nyumbani, 85,000 na ufundi humo humo.

Na msiniite mjinga. Alifika, akaipindua baiskeli, akachomeka sarafu ya 200 kati ya tairi na breki kupima nafasi. "Kaka, tairi lako ni la milimita 25, ukiweka madigadi pana itasugua." Kweli ni la 25! Fundi gani mwingine hapa mjini aliwahi kuniambia hivyo? Akatoa kibati kinachobanwa na bolti ya breki, akatoa vibano vyenye mpira ndani, vya kushika miguu ya foko, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, bila kuigusa rangi. Yote sahihi kabisa. Nikajiona nimeokota dhahabu.

Halafu akasema, "Kaka, na jua kali hili, hata soda hamna?" Nikaenda dukani. Kwa miguu yangu, na yake nikachagua ya baridi zaidi. Narudi, namkuta anapangusa foko kwa kitambaa. Madigadi zimesimama kama zimetoka na baiskeli kiwandani, na kwenye miguu ya foko kazungusha tepu nyeusi. Tepu ya nini? "Ya kulinda rangi, kaka." Nikashukuru! Nikamtumia hela, nikaongeza 5,000 ya nauli. Hiyo 5,000 ndiyo inaniuma kuliko zote.

Siku ya nne, barabara ya Dar, lori linanipita, nasikia krr krr chini yangu. Nikashuka, nikabandua tepu. Skrubu za mbao! Kila mguu wa foko una matundu mawili, na nyuzi za kaboni zimefumuka kama mkeka ulioguguniwa na panya. Chuma hupinda kwanza ukashtuka. Kaboni iliyojeruhiwa inaweza kukatika ghafla. Ingekatika pale, leo mngekuwa mnachangishana. Vile vibano vya mpira aliondoka navyo, bila shaka vya kumwonyesha mwingine.

Nilipompigia alipokea mara moja tu, eti yuko kwenye boda. Mpaka leo hapatikani. Bei ya foko mpya siitaji hapa, mke wangu anasoma.

Polisi nimeshatoa taarifa. Mimi ningekuwa hakimu, ningemwambia apande hiyo hiyo baiskeli yangu, ateremke nayo mlima kutoka UDOM bila kushika breki. Huyu siyo mwizi wa hela tu, huyu ni muuaji mwenye keekee.

Dalili? Hataki umtazame akifunga. Risiti hana. Laini anabadilisha. Ana kibegi chekundu anachosema ni cha pampu, kumbe ndimo keekee inamokaa.

Kama alikufungia wewe pia, kabandue tepu sasa hivi, kabla hujapanda tena.